Nilikata filamu ya Kijapani ya Guka nikafukuzia nayo ndege, halafu ikabidi nirudishe mpaka mvua yake

Wakuu, niaje.

Najua humu ndani mwanafunzi akianzisha uzi watu wanatafuta kiti cha kuchekea. Chekeni, ni haki yenu. Lakini hii sijaongeza chumvi, na anayebisha aje Kimbo aulize kwa mzee wa video. Hata mtoto wa nursery atamleta mpaka mlangoni.

Mimi niko form three, day school. Darasani najulikana kwa mambo mawili: kuigiza sauti ya deputy, na kuitwa ofisini kwa sababu ya kuigiza sauti ya deputy. Hiyo sauti wekeni kando, tutaihitaji.

Guka, yaani babu yangu, alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda kimoja cha nguo huko Industrial Area, Thika. Ni zamani, mama yangu akiwa bado mtoto. Kulikuja mainjinia Wajapani kufunga mashine mpya, na mmoja akawa beste ya Guka. Lugha hawakuelewana hata moja. Guka husema walikuwa wanaongea kwa spana.

Siku Mjapani anarudi kwao, alimwachia Guka deki na kanda moja ya video. Kwa hiyo kanda kulikuwa na filamu ya kwao ya kitambo sana, black and white, watu wamevaa kanzu za mikono mipana na nywele zimefungwa juu kama kitunguu.

Baadaye kiwanda kikapunguza watu, Guka akiwa mmoja wao. Hakulia. Alibeba ile deki, akakodisha chumba cha mabati hapa Kimbo, akafungua video show.

Kwa wenzangu waliozaliwa wakapata simu iko tayari: video show ilikuwa ni mabenchi, TV moja, na mzee mmoja amesimama kando ya TV na fimbo akiwaeleza watu kinachoendelea. Kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa chochote. Na Guka hakujua neno hata moja la Kijapani. Alitunga kila kitu, kuanzia salamu mpaka mazishi.

Zilikuja filamu nyingi zingine, lakini ile ya Mjapani ndiyo ilikuwa mfalme. Jumapili watu wakitoka kanisa, hapana kwenda nyumbani.

Hadithi iko hivi. Kuna jamaa alikuwa hatari kwa upanga, akaachana na hiyo kazi, akawa fundi wa miavuli. Shida ni kwamba ameenda kuishi kijiji ambacho mvua haijanyesha miaka. Wewe fikiria. Ni kama kuuza majaketi Garissa na lile joto lake. Kijiji chote kinamcheka. Na nyuma yake kuna adui anamtafuta amuue.

Guka alimbatiza huyo fundi Njoroge wa Mwavuli. Adui akamwita Chifu. Akisema tu "Chifu ndiye huyo anakuja," ukumbi unazomea mpaka vumbi linatoka kwa mabati.

Mwisho, Chifu anampata Njoroge. Wanasimama uso kwa uso. Na hapo hapo mvua inashuka, ya kwanza baada ya miaka. Njoroge anaweka upanga chini, anafungua mwavuli, anamfunika Chifu.

Sasa, sheria ya ukumbi wa Guka. Tone la kwanza likianguka kwa TV, watu wote wanaruka na kupiga kelele pamoja: "Anueni nguo!" Mama yangu anasema kuna wakati majirani kweli walikuwa wanakimbia kutoa nguo kwa kamba na jua linawaka.

Hayo yote mimi nilikuwa nayasikia tu. Video show ilikufa kabla nizaliwe. Kanda yenyewe sikuwahi kuiona.

Na hapo ndipo msiba ulianzia.

Cucu, yaani nyanya yangu, ana shamba dogo nyuma ya nyumba, sukuma wiki tupu. Kuna ndege fulani wa mikia mirefu walikuwa wanakula hiyo sukuma kama wamealikwa. Cucu alitundika CD za zamani, ndege wakazigeuza vioo, wakawa wanajiangalia sura. Akaniambia, "Nitafutie utepe wa kanda, ule unalia na upepo. Huo wanauogopa."

Wazazi wa humu wanajua hiyo dawa. Unavuta ule utepe mweusi kutoka kwa kanda, unaufunga kwa vijiti kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Upepo ukipita unaimba kama nyuki amekasirika, na jua likiupiga unametameta.

Nikaenda stoo. Nikapata boksi, ndani kuna kanda kubwa haina jina. Mende walikula karatasi. Sikuuliza mtu. Nilivunja, nikavuta, nikakata kwa makasi mistari kumi na minane. Nilijiona injinia. Nilipiga mpaka selfie.

Na ilifanya kazi, msinicheke! Ndege walihama. Cucu aliniombea kwa fellowship kwa jina langu lote, hata lile la kati nisilolipenda.

Wiki tatu zikapita.

Guka alikuwa anafikisha miaka themanini, na wateja wake wa zamani wa ukumbi, wazee watupu sasa, walikuwa wanapanga kuja kusherehekea. Wakatuma ujumbe: hawataki mbuzi, hawataki keki. "Mzee utupigie ile ya mwavuli, mara moja ya mwisho."

Sijawahi kuona Guka anafurahi vile. Macho yake siku hizi ni ya kukisia, lakini aliingia stoo na tochi akiimba. Akatoka kimya.

"Nani ameona boksi yangu?"

"Boksi gani?" Cucu akauliza.

"Ile ya firimu. Ya Mjapani."

Mimi nilikuwa nakula. Nikarudisha tonge la ugali kwa sahani.

Na hapo nje, wakuu, upepo ukavuma. Shamba zima likaanza kulia, zzzzzz.

Guka akageuza kichwa polepole kuelekea dirishani. Akatoka, tukamfuata. Akashika mstari mmoja kwa vidole, akauleta karibu na jicho, akausugua kwa kidole gumba.

"Huyu ni Njoroge?" akaniuliza.

"Ndio, Guka."

"Basi."

Hilo tu. Akarudi ndani. Mimi nimechapwa na walimu wa kila aina, nimefagia field nzima, lakini hakuna adhabu imewahi kuniuma kama hiyo "basi". Tangu siku hiyo hakusimulia kitu mezani. Wazee walipopiga simu, aliwaambia, "Firimu ilikufa." Wakamwambia watakuja tu. Akasema, "Kuja kufanya nini?"

Sherehe ilikuwa imebaki wiki tano. Nikasema hii nimeivunja mimi, nitaifufua mimi. Guka atasimama kando ya hiyo picha na fimbo yake, ama nihame Kimbo.

Najua kuna mjuaji tayari ameandika "si udownload tu". Mkuu, udownload nini? Hatukujua jina. Dada yangu Wambui, anayesoma chuo huko Juja na ana laptop ya nguvu, alitafuta kwa maelezo, "fundi wa miavuli, Mjapani, hakuna mvua", akapata matangazo ya miavuli.

Basi nikaanza kufungua mistari. Cucu akanisaidia, anaomba msamaha kwa kila kijiti. Nikahesabu. Kumi na saba, na mmoja wa kumi na nane umekatwa.

"Cucu, kipande kingine kiko wapi?"

"Si nilifungia sukuma ya yule mama wa Witeithie. Kamba za mgomba ziliisha."

"Cucu! Umeuza Njoroge?"

"Mimi nimeuza sukuma. Njoroge ni wako."

Nilienda Witeithie siku hiyo hiyo. Yule mama wa kibanda alinionyesha mbuzi wa jirani akitafuna takataka, akaniambia nimuulize huyo. Nilikadiria nimepoteza kama mita nne, yaani dakika mbili hivi za filamu. Nikaaga hizo kwa heshima.

Zilizobaki nikaziweka kwa kiroba cha unga, nikapeleka Thika kwa Fundi Ramadhani. Huyu mzee ana kibanda karibu na msikiti, amezungukwa na redio zilizokufa kabla babu wa redio zenu hawajazaliwa. Pia nilibeba deki ya Guka.

"Salaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam, kijana." Akachungulia kiroba. "Hii imefanya nini?"

"Imefukuza ndege."

Alicheka mpaka akavua kofia akajipepea nayo. Akaita majirani waje waone. Nilistahili.

Alipomaliza, akainua kipande kwenye mwanga. "Upande unaong'aa ni mgongo. Huu mwingine uliofifia ndio una picha. Umeharibika, lakini haujafa. Deki nitaifufua, ni mikanda ya raba tu imekauka. Kusafisha, utasafisha mwenyewe."

Wakuu, mnajua utepe wa filamu nzima ni mrefu kiasi gani? Nilimaliza likizo ya April kuujua. Kitambaa laini, maji safi yale ya kuongeza kwa betri ya gari, yasiyo na chumvi, unapitisha mita kwa mita kati ya vidole. Umande, vumbi, na mavi ya ndege. Hasa mavi ya ndege. Wale ndege wa mikia mirefu walikuwa wameacha maoni yao kwa kila mstari.

Kisha kukausha kivulini, kisha kuunga kwa tepi nyembamba ya Fundi, kipande kwa kipande, nikitenganisha na utepe mtupu. Viungio vitatu niliweka juu chini, deki ikatoa chenga tupu na Fundi akaniambia, "Hapo umewatazamisha miguu juu." Kila baada ya vipande viwili alikuwa anafungua deki anasafisha kichwa kinachosoma utepe kwa spirit, akisema dua.

Lakini siku Njoroge alitokea kwa ile TV ndogo ya kibanda, anatembea na mzigo wa miavuli kwa barabara ya vumbi, nilisimama. Nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote. Nikasema kwa sauti, "Niaje, Njoroge." Fundi hakunicheka. Hapo hakunicheka.

Tukaingiza vipande vyote kwa laptop ya Wambui. Sasa shida mpya: mpangilio. Mistari ya shamba haina namba. Nilikuwa na vipande kumi na nane na sijui kipi kinafuata kipi. Mtu mmoja tu ndani ya Kenya hii alikuwa anajua, na huyo mtu alikuwa anakunywa chai akitazama ukuta.

"Guka, njoo uone."

"Macho yangu hayaoni."

"Basi sikiliza."

"Sitaki."

Wambui akaninong'onezea tumwache. Mimi nikakumbuka kipaji changu. Nikawasha kipande chochote, nikasimama kando ya laptop na mwiko wa Cucu, na nikaanza kuelezea kwa sauti ya Guka. Kila kitu, yake. Kukohoa kwake, "haiya" yake, vile anavuta "sasaaaa". Na nilikuwa naelezea uongo mtupu.

"Sasaaaa, Njoroge amefika mtoni, anataka kuoa huyu mama wa mbuzi..."

Guka akanywa chai yake.

"Mama wa mbuzi anamwambia, toa mahari ya miavuli kumi..."

"Wee kamwana!" Kikombe kikagongwa mezani. "Hapo Njoroge hajafika mtoni! Na huyo si wa kuoa, huyo ni dada ya Chifu! Ngai, ni nani amekufundisha firimu?"

"Basi wewe sema, Guka."

Akavuta kiti. "Rudisha nyuma. Hiyo inakuja baada ya ile ya kisima."

Jioni nne tulikaa hivyo kabla ya chakula. Yeye amefunga macho, anasikiliza muziki na hatua za watu, anasema "hii ni ya tano", "hii weka mwisho". Hakukosea hata moja. Hata alijua mahali kile kipande cha sukuma kinapaswa kuwa: karibu kabisa na mwisho, pale Njoroge na Chifu wameonana, kabla ya mvua. Nikaweka giza hapo, dakika mbili nyeusi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Ilibaki kusafisha picha. Kulikuwa na mistari ya kulala, hiyo ni ya shamba, yaani yangu. Na kulikuwa na mikwaruzo ya kusimama, nyembamba kama nywele. Fundi alisema hiyo ilitoka huko huko Japani, ilichanwa na mashine za sinema kabla hata deki hazijakuwepo.

Wambui alikuwa na software ya kuondoa mikwaruzo. Unabonyeza, inafikiria, inafuta. Nikabonyeza kwa filamu nzima, tukaenda kulala. Asubuhi ilikuwa imemaliza, na picha, mama! Safi kama sahani ya mgeni. Nilitembea ndani ya nyumba nikijiita mkurugenzi.

Nikamwita Guka aone mwisho. Giza likapita. Chifu amesimama. Guka akainama karibu na kioo, mkono juu tayari. Akangoja. Akangoja.

"Mvua iko wapi?"

"Si ndio inakuja."

Haikuja. Njoroge akafungua mwavuli, akamfunika Chifu, na juu yao anga imekauka. Watu wa kijiji wanaruka, wanalia, nguo zimewashika mwilini, na hakuna tone.

"Sasa anamfunika nini?" Guka akauliza. "Jua? Na hawa wengine, wamekojolewa?"

Software ilikuwa imeona mistari myembamba inayoshuka, ikasema, hii pia ni mikwaruzo. Ikafuta mvua yote. Filamu nzima ya watu kungoja mvua, na mimi nikaiondoa kwa kubonyeza mara moja. Wambui alicheka akaanguka kwa kochi. Mimi nilitaka kulia, na sherehe ilikuwa imebaki siku nne.

Nikarudi kwa kile kipande cha mwisho kabla ya kusafishwa. Mvua ipo, mikwaruzo ipo, zote zimechanganyikana. Nikamwambia Guka siwezi kutofautisha.

Akafikiri. "Nilisimama kando ya hiyo mvua kila Jumapili. Upepo wake unatoka mkono wa kushoto. Mvua inalala mshazari. Ile iliyosimama wima kama mlingoti si mvua."

Kweli tupu. Nikakaa na kipande hicho siku tatu, picha kwa picha, nafuta wima, naacha iliyolala. Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza sikuongea darasani, mpaka deputy akaniuliza kama ni mgonjwa.

Jumamosi alasiri. Ukumbi wa mabati wa kanisa, madirisha tumeziba na mablanketi, projekta ya kuazima. Wazee kama thelathini, wengine na mikongojo, mmoja alitoka Thika na mtungi wake wa uji. Fundi Ramadhani kiti cha mbele. Guka amevaa suti, ameshika fimbo.

"Sasaaaa," akaanza, na wazee wakapiga kelele kabla picha itokee.

Sitawasimulia yote. Niseme tu kwamba Chifu alizomewa mpaka mchungaji akachungulia. Guka hakuhitaji macho. Alikuwa mbele ya picha kwa nusu sekunde kila wakati.

Kisha ile dakika ikafika. Njoroge na Chifu wakaonana, na ukuta ukawa mweusi.

Tii.

Mzee mmoja akasema, "Stima?" Mimi nyuma nikashika kichwa. Nilikuwa nimesahau kumuuliza Guka atasema nini hapo, na kwa macho yale sikujua kama ataona giza limefika. Lakini muziki ulikuwa umekatika, na Guka husoma kimya kama nyinyi mnavyosoma meseji.

"Sasaaaa," akasema gizani. "Giza limeingia kijijini. Kwa nini? Kwa sababu kuna kamwana kajinga, mjukuu wa mtu, kalichukua jua, kakalikata na makasi, kakafukuzia nalo ndege."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Wazee wanageuka kunitafuta. Cucu akajifunika na kitambaa.

"Ngojeni. Kijiji kikakasirika. Mzee wa kijiji akasema, basi." Akainua fimbo. "Lakini kamwana hakakukimbia. Kakashuka shambani, kakaokota jua kipande kwa kipande. Kakalipangusa mavi ya ndege. Kakapeleka kwa fundi mwema wa Thika, likaungwa. Na huyo mzee aliyesema basi, alikosea kunyamaza. Angesema: mjukuu wangu, endelea."

Akagonga fimbo sakafuni.

"Na sasa tazameni juu."

Sijui alihesabu vipi, lakini ukuta ukawaka hapo hapo. Njoroge. Chifu. Wingu. Na tone la kwanza, limelala kutoka kushoto.

"ANUENI NGUO!"

Wazee thelathini, wakuu. Mikongojo juu. Mabati yalitetemeka. Na mimi, mtu ambaye ana maneno kwa kila kitu, nilikuwa na hayo mawili tu. Nilipiga tu kelele na wao.

Somo? Niliyochukua ni haya. Kabla ukate kitu cha mzee, uliza ni nini. Mashine haijui mvua, anayejua ni yule aliyesimama kando yake. Na mtu akikuambia "basi", usiishie hapo.

Kama uko na kanda ya zamani kwa stoo, usiitupe, Fundi Ramadhani bado ana deki moja na mimi bado nina vidole. Tuambieni hapa chini mzee wenu alikuwa anapiga filamu gani na ukumbi ulikuwa unapiga kelele gani.

Na kama ulinunua sukuma Witeithie imefungwa na kitu cheusi kinachong'aa, usikisokote. Hapo ndipo Njoroge anaeleza kwa nini aliacha upanga, na mpaka leo ni mbuzi tu anajua.